Naenda Nyumbani Tu

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, na barabara ya Bathurst imelowa yote.

Sijamwambia mtu hili: kila Jumamosi mchana nashuka chini bila safari yoyote. Nasimama karibu na mlango, najifanya nasoma simu, namsubiri Bibi Rivka arudi kutoka sinagogi.

Bibi Rivka ni jirani yetu, ghorofa ya saba kama sisi. Siku ya Sabato dini yake haimruhusu kubonyeza kitufe cha lifti, wala kumwomba mtu ambonyezee. Lakini mtu akiwa anapanda kwa shida zake mwenyewe, anaweza kuingia naye. Goti lake ni bovu.

Mara ya kwanza niliharibu. Nimelelewa kwa shikamoo na kupokea wakubwa mizigo, basi nikasema kwa furaha, "Ingia bibi, nimekubonyezea wewe!"

Akanishukuru, akatoka, akapanda ngazi.

Tangu siku hiyo mimi naenda nyumbani tu.

Alhamisi wapangaji tulikutana. Bibi aliomba lifti iwe inasimama yenyewe kila ghorofa siku za Sabato. Baba Yusufu wa ghorofa ya tatu akadakia, "Basi na Ijumaa itusubiri tumalize kuswali!" Tukacheka, hata Bibi. Kisha mama yangu akasimama. Mama ni nesi, Jumamosi hurudi kutoka zamu miguu imevimba.

"Mama, nakuheshimu sana," alimwambia Bibi, "lakini humu sote tuko sawa. Dini ya mmoja isitucheleweshe wote."

Mikono ikanyooshwa, ombi likakataliwa. Wangu ulibaki mapajani. Bibi akasema taratibu kwamba huenda akahamia kwa mwanawe.

Mama hakukosea. Bibi naye hakukosea. Ndiyo maana sikulala vizuri. Usawa ni lifti moja kwa wote, au ni wote kufika nyumbani?

Leo Bibi aliingia amelowa, mwavuli unachuruzika. Nikabonyeza saba. Akatazama viatu vyangu.

Vikavu kabisa.

Nilidhani atatoka. Akainua macho polepole, akawa anatazama namba za ghorofa zikibadilika, mpaka mlango ukafunguka.

Jumamosi ijayo, mvua ikinyesha, nitazunguka jengo kwanza.

Nawe uliyesoma hapa, tafadhali, ukikutana naye usimwambie. Akikuuliza, nilikuwa naenda nyumbani.