Uso wa Bibi Harusi na Gauni Lake

Nyumbani, ghorofani juu ya studio
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu tele kutoka kwetu sote. U hali gani? Kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimekuachia? Na mkeo, na mapacha, wanaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mama anaumwa goti moja na kulalamikia yote mawili, kwa hiyo ujue ni mzima.

Nakuandikia nikiwa na furaha isiyonienea kifuani, na sababu ni mdogo wetu, Chiriku.

Unajua mtoto wa jicho amemzidi Baba. Mwaka ulipoanza alitangaza mezani kwamba chumba cha giza anamosafishia filamu kitageuzwa stoo, kwa kuwa hakuna wa kukirithi. Chiriku, aliyemshikia taa kwenye harusi za watu tangu amalize shule, alikuwa papo hapo akimenya chungwa. Nilidhani atarusha kisu. Akaomba tu apewe harusi moja, aipige na kuisafisha mwenyewe, na ikiharibika yeye ndiye atakayetoa makopo ya dawa nje. Baba akakubali, nadhani kwa kuchoka kubishana naye.

Ikawa harusi ya binti wa Mjomba, aliyetaka picha za filamu, nyeusi na nyeupe, kama za mama yake. Unamkumbuka binti yule, mweusi tii, mzuri wa kupindukia. Gauni jeupe pe, na jua la utosini.

Picha za Baba unazijua. Wateja wanazipendea ukali: weupe ni weupe, weusi ni weusi, katikati hamna kitu. Kwenye picha ya ukoo Mjomba tunamtambua kwa meno na kola ya shati.

Chiriku hakutaka hivyo. Alipima mwanga kwa kuufuata uso, si gauni. Kisha kwenye chumba cha giza akapunguza muda wa filamu kukaa ndani ya dawa, na kopo lenye filamu akaligeuza taratibu. Alinieleza kwamba sehemu za giza hupata haki yake mapema. Ukizidisha muda na kutikisa kwa nguvu, unaulisha weupe peke yake. Gauni linakuwa shuka tupu, na kile kijivu cha katikati, ambacho ndicho sura yenyewe ya mtu, kinakosa nafasi.

Baba alikuwa ameketi nje ya mlango akisikiliza. Yeye hutikisa kopo kama anayesuuza chupa. Aliposikia kimya akamwamuru atikise, halafu akamkumbusha habari za asiyesikia la mkuu. Chiriku, mtu asiyenyamaza hata akipiga mswaki, hakujibu wala hakutikisa. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, roho juu. Harusi hairudiwi, na Mjomba si mwepesi wa kusamehe.

Picha zilipokauka Chiriku alimpelekea Baba dirishani, pamoja na kioo chake cha kukuzia. Baba akaanza na gauni, akakuta maua yote ya lesi yapo. Akapanda usoni, akakaa huko sana: mashavu, kivuli chini ya kidevu, jasho kidogo juu ya mdomo, hata kovu la tetekuwanga kwenye paji la uso. Mama akamwuliza vipi. Unajua Baba hasifu mtu. Kwake mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Huyu nimempiga picha tangu mchanga," akasema. "Leo ndiyo namwona."

Kisha akaomba koti lake, akashuka studio akipapasa ukuta, akaketi kwenye kiti cha wateja. "Haya," akamwambia Chiriku, "nipige na mimi. Na usitikise."

Habari za stoo zimekwisha, mdogo wangu. Nimejivuna hadi majirani wamenichoka, na sitaacha.

Mjomba anakusalimu, bibi harusi na mumewe wanakusalimu, Mama anakubusu na kukuuliza kama unakula. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na baridi ya huko isikuguse.

Picha ya Baba imo humu. Usiikunje. Mimi nilidhani namjua. Sikuwahi kuona kwamba ana macho yako.

Nikupendaye, hata usipojibu barua,
Dada yako mkubwa