Darubini ya Hamadi

Mjukuu wangu Salimu,

Marahaba, baba. Huku Bunju tu wazima, ila nyumba imepoa tangu tumzike kaka yangu Hamadi.

Umeniuliza kuhusu bunduki ya kwanza ya kuwindia sungura. Chukua ndogo, na darubini ya kulengea isiyovuta mbali. Hamadi alipofunga yake mpya, alimpiga sungura ng'ambo ya bonde, na kwa furaha akasahau bismillahi. Tulikimbia na kisu, tukamkuta keshakufa. Kibudu hakiliwi. Akamfukia kwa mikono, huku analia: "Nimemuua bure, mdogo wangu."

Tangu hapo alinyatia mpaka karibu kabisa.

Juzi nami nilikimbia hospitali. Nilimkuta kaka keshafunikwa shuka.

Njoo, Salimu, unikute ningali hai.

Babu yako