Ile Wiki Yetu Moja ya Televisheni

Rajabu, wewe mutu ya maneno mingi, leo nyamaza kidogo. Ni zamu yangu.

Kwanza nikupe habari mbaya: ile viatu yako ya rangi ya maziwa, mimi ndiyo nilivaa siku ya kukuzika. Mama yako alinipa. Ilinibana mpaka nikalia, watu wa ukoo wakasema, "Ona Sadi anavyompenda rafiki yake." Nusu ya machozi ilikuwa ya kidole. Nusu ingine unaijua.

Naandika pole pole. Shule niliachia darasa ya nne, na mwalimu alifurahi kuliko mimi. Lakini kuna kitu lazima usikie, na hapa hakuna mutu ingine atakuandikia. Walikuita mwizi, Rajabu. Hata tulipokuzika, bado walikuita.

Mimi siku ile nilikuwa Koboko, kule kwetu ya zamani, nauza chaja ya simu na dawa ya panya, kama kawaida. Nimekusanya habari kidogo kidogo, huyu ananiambia hii, yule ile. Ulitoka kwa fundi mchana, televisheni ya marehemu baba yako iko kichwani, ile ya sanduku ya mbao. Imepona, umefurahi. Wingu ikakuwa nyeusi upande wa Congo. Ukaogopa mvua iingie ndani ya mashine. Ukaanza kukimbia.

Hapo tu. Kosa yako ni kukimbia. Pale steji ya boda hakuna mutu anakujua: tangu mama yako ahamie huku, wewe miaka yote ulikuwa Juba. Wanaona jamaa mrefu anakuja mbio na televisheni kichwani. Adinani, yule wa chapati, akapaza sauti, "Mwizi! Mwizi huyo!"

Hakuna mutu aliuliza jina. Jiwe ya kwanza ilikupata mgongoni. Na wote walioona wanasema kitu moja: hukuitupa. Uliinama ukaiweka chini pole pole, kioo isivunjike. Hapo ndiyo wakakupata vizuri, umeinama hivyo. Chuma ya pikipiki ikaja. Ule mti wa Adinani wa kusukuma chapati ukaja. Mabuti ikaja. Ulikuwa unasema, "Ni yangu, ni ya baba yangu," mpaka mdomo ikakataa. Mmoja akaleta petroli ndani ya chupa ya soda, akakumwagia. Wanapiga kiberiti, mvua ikaanguka. Ile mvua ulikuwa unaikimbia, wallahi, ndiyo ilikataa uchomwe.

Wakakimbia kujificha chini ya mabati. Wewe ukabaki barabarani. Mvua ilipoisha, wewe pia umeisha, na televisheni haiko. Walioita mwizi ndiyo wameiba.

Nilienda polisi. Afande akaniuliza, "Sasa mimi nishike nani? Nishike barabara?" Fundi alienda steji kuwaambia ni mali yako. Wakamjibu, "Na wewe unatengeneza vitu ya wizi, eh? Ngoja zamu yako."

Mama yako alipika karama, chakula ya kukuombea. Sheikh alikuja akasoma, ukoo wakaja kutoka Koboko. Majirani hapana. Wali na nyama imejaa sufuria, wageni ni nzi. Mama alikaa mlangoni na jagi ya kunawisha watu mikono, maji ya moto, mpaka ikapoa. Hakulia. Aliniambia tu, "Sadi, chakula ya mwizi hakuna mutu anakula."

Basi mimi nikanunua panga. Nilikaa nyuma ya nyumba nanoa, nanoa, naona kichwa ya Adinani kama papai. Mama akatokea. Akachukua panga mkononi yangu, akapima makali na kidole gumba. "Iko sawa," akasema. "Itanikatia vitunguu." Kisha akachuchumaa karibu yangu. "Ukiua mutu, watasema mwizi alikuwa na rafiki muuaji. Jina ya mwanangu itaoza kabisa. Tafuta njia ingine."

"Njia gani, Mama?"

Akaniangalia na ile macho yake ya kukuuliza kama ulizaliwa na akili au uliazima. Akaingia ndani, akavuta sanduku ya chuma kutoka chini ya kitanda.

Rajabu, kaseti zote saba za video bado iko! Na zile karatasi baba yako alibandika: Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumapili. Nikanusa. Bado inanuka moshi wa nyumba yenu ya Koboko.

Unakumbuka? Kule picha ilikuwa haishiki hata upandishe antena juu ya mlima, ndiyo mjomba wako wa Kampala akarekodi wiki moja ya televisheni, akatuma na basi. Wiki moja tu. Na sisi tuliishi ndani ya ile wiki utoto wote. Kila Jumatatu ni mieleka, ile jitu ya kaptula nyekundu inavunja kiti kwa kichwa ya mwenzake. Jumanne mzee wa ndevu nyeupe anafundisha vijana kuvunjana shingo. Jumatano polisi na magari. Alhamisi ngumi. Ijumaa msomaji wa habari, tai ile ile, anasema mvua kubwa inakuja kesho, na Ijumaa zote mama yako anatoa mihogo nje anaingiza ndani, ati huwezi jua. Jumamosi ni askari mmoja anamaliza msitu wote wa adui. Baba yako, mwanajeshi mzee, alikuwa anakasirika mpaka anasimama: "Huyu risasi yake haiishi? Nani anamletea?"

Na wewe pale pembeni na fimbo yako, unatafsiri. Kingereza hakuna mutu alijua, hata wewe. Picha ni ile ile, lakini kila wiki unaweka maneno mpya. Jitu ya kaptula nyekundu leo anapigania mke, wiki ijayo anapigania mbuzi. Yule mzee wa ndevu ulimfanya anatukana mwalimu wetu, jina na ukoo. Watu walilipa na mayai kuja kusikia.

Jumapili ndiyo ilikuwa yako kabisa. Ile filamu ya kijiji ya vumbi, mgeni anapita na gunia mgongoni, kijiji kizima wanamfukuza na mawe. Mgeni anaanguka, anageuza uso, na papo hapo kaseti inakatika. Shwaaa, nukta nyeupe mchele mchele kwa kioo. Mjomba wako kaseti ilimwishia. Basi wewe unasimama mbele ya ule mchele, unamaliza filamu na mdomo. Mara mgeni anapata baiskeli. Mara gunia inafunguka, nyuki wanatoka wanafukuza kijiji. Mara anavuka mto Kaya, anaingia Sudan, anaoa. Hakuna Jumapili uliacha huyo mutu afe. Baba yako siku moja alisema, "Leo muache afe, mimi nataka kulala." Ukakataa.

Sasa nikaelewa macho ya Mama.

Deki fundi alinipa. Skrini kubwa nikaazima kwa jamaa wa kibanda ya kuonyesha mpira kule Onduparaka, nikamwapia kwa jina ya timu yake itarudi nzima. Nikabeba spika, nikazunguka mtaa: "Televisheni ya zamani! Wiki nzima! Mwenye meno na asiye na meno! Bure!" Rajabu, mimi, kusema bure. Mama mmoja alinishika paji ya uso kuona kama iko homa.

Nikaweka benchi pale uwanja karibu na steji. Jumatatu jioni wakaja wote. Boda wamelaza pikipiki, Adinani amekaa mbele na beseni ya chapati, anauza anaangalia. Nikaanza kutafsiri na maneno yako. Wakacheka, wazee waliohama Koboko kama sisi wakaanza kusema yale ya zamani pamoja na mimi. Kisha jitu ya kaptula nyekundu akainua kiti.

"Mpige! Mpige kichwa! Usimwache!"

Benchi zote zimesimama. Ile sauti, ndugu yangu. Ndiyo nilijua wewe ulisikia nini mwisho. Wanacheka, mate inaruka, mikono juu, na mimi naangalia ile mikono, nauliza ni gani ilishika chuma. Mkono yangu mimi ilitafuta panga. Panga iko kwa Mama, na vitunguu.

Nikaendelea. Nikamwambia jitu, "Pole pole, huyo ni shemeji yako!" Wakaanguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Nilienda nyuma ya skrini nikatapika, nikarudi nikacheka tena.

Hivyo hivyo wiki nzima. Jumanne shingo, Jumatano risasi. Alhamisi ngumi ya kwa skrini ilikuwa ndogo kuliko ya kwa benchi: boda wawili walipigania nafasi, mmoja akaenda nyumbani na nusu ya sikio. Ijumaa mvua ya kesho, wabibi wetu wa Koboko wakapiga makofi, "Huyu bado anadanganya!" Jumamosi askari na risasi yake isiyoisha. Kila siku uwanja inajaa zaidi. Jumapili walipanda mpaka kwa ukuta. Na Mama yako alikuja. Aliweka mkeka nyuma kabisa, akakaa. Watu wakamwachia nafasi kubwa pembeni, kama iko na ugonjwa.

Filamu ikaenda. Mgeni, gunia, vumbi. Mawe. Akaanguka. Akageuza uso. Shwaaa.

Wale wazee wa Koboko wakaanza kupiga kelele, wengine wakafuata: "Sadi! Mpe baiskeli! Lete nyuki!"

Nikashika maiki. Nikasema: "Huyu mutu anaitwa Rajabu."

Wakacheka. Walifikiri ni utani, mimi ndiyo mimi.

"Ndani ya gunia iko televisheni. Ametoka kwa fundi. Ni ya baba yake, na hii wiki yote mmeona ilitoka ndani ya ile televisheni. Anakimbia sababu ya mvua."

"Mwambie akimbie basi!" mtoto mmoja akasema kwa ukuta.

"Leo hakimbii. Leo anaweka chini pole pole, kioo isivunjike."

Kicheko ilikufa, mmoja mmoja, kama taa. Mchele inapiga kelele kwa skrini, shwaaa, kama ile mvua. Nikapeleka mkono kwa deki, nizime. Kisha sauti ya Mama kutoka nyuma, kavu kabisa: "Endelea."

Nikaendelea. Jiwe. Chuma. Mti wa chapati. Petroli ndani ya chupa ya soda. Sikutaja jina ya mutu. Nilitaja yako tu.

Adinani akaruka, "Zima hiyo kitu! Zima!" Beseni yake ikapita karibu na kichwa yangu, ikaingia ndani ya skrini. Nikamrukia. Usiniulize nani alishinda, natafuta jino yangu hadi leo. Lakini sikia ya kuchekesha: wakati sisi tuko chini tunakabana, steji yote ikaanza kupigana yenyewe. "Wewe ndiyo uliita, Adinani!" "Na wewe ulileta petroli!" "Mimi nilipiga mguu tu!" "Televisheni ulipeleka wapi, mbwa wewe? Nilikuona!" Benchi zinaruka, damu kwa mashati. Mtaa mzima umesimama unasikia. Walisema yote, Rajabu, kwa mdomo yao wenyewe, na mimi nilikuwa nimekaliwa kifuani sikuweza hata kutafsiri.

Asubuhi Mama alifungua mlango, akaikuta. Imefunikwa gunia, antena imevunjika, kioo nzima. Nyuma bado jina ya baba yako, alichora na msumari. Aliyeleta hatumjui. Nilitaka kuingiza ndani, Mama akanipiga mkono. "Wacha hapo. Watu waone kwanza." Akaipangusa na kanga yake, akaiacha mlangoni, juani.

Kisha akapika karama tena. Mbuzi alikatwa na panga yangu.

Walikuja. Mbele wabibi, kisha wanaume, macho chini. Hata wa steji, wengine na bandeji. Adinani akaja wa mwisho, jicho imefura kazi yangu. Akasimama mbele ya televisheni, akashindwa kupita. Akasema, "Mama, mimi ndiyo niliita."

Mama hakumtukana. Akampa jagi. Akamwambia, "Nawisha watu. Na kila mutu umwambie."

Basi Adinani akazunguka. Kila mutu ananyosha mikono, yeye anamwaga maji, anasema, "Ilikuwa yake." Anaenda kwa mwingine. "Ilikuwa yake." Sauti ikamwisha, akaendelea na midomo tu. Akafika kwangu. Mkono yangu bado ilikuwa na vidonda ya meno yake. Nisikudanganye, sijamsamehe. Maji ilikuwa ya moto. Nikanawa, nikala. Sufuria ilirudi tupu, Rajabu, mpaka ukoko watoto waligombania.

Ile skrini bado natafuta ya kulipa, na jamaa wa Onduparaka ananitafuta mimi. Watu wameuliza televisheni yako bei gani. Unanijua, mimi nauza hata kivuli. Hii siuzi.

Fundi ameweka antena. Jumapili tunaiwasha ndani, mimi na Mama, yeye na mihogo yake. Kaseti ikikatika nitasimama mbele ya mchele. Mgeni ataamka, nakuahidi. Atapangusa vumbi kwa magoti, atabeba mzigo yake kichwani. Mvua itampiga kidogo tu, ya kumpoza. Hakuna mutu ataita. Atafika mlangoni, Mama atamshusha mzigo, atamwambia aingie.

Lala, ndugu yangu. Viatu nitapanua.

Sadi