Kitambaa cha Manjano

Nkubu,
12 Agosti 1979

Dada yangu mpendwa Mukiri,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto huko Kiambere. Natumaini joto halijawamaliza. Sisi tu wazima, ila nguo hazikauki kwa manyunyu.

Barua yako imefika. Umeuliza mambo mawili: wimbo wa mume wangu Kithaka ulitoka wapi, maana watoto wako wanaucheza mpaka sufuria zinaanguka, na kiko wapi kitambaa cha manjano ambacho marehemu mama alikuambia amekuwekea. Nianze na wimbo.

Dada, wimbo huo niliuchukia tangu siku ya kwanza. Kila redio hapa sokoni inaimba jinsi Kithaka anavyoendesha pikapu kutoka Embu, na pembeni yake mwanamke mwenye kitambaa cha manjano, anacheka, anamwambia ongeza mwendo, ongeza. Wewe unanijua. Mimi nikipanda gari natapika kabla ya Chogoria. Nilipomwuliza huyo ni nani, alisema wimbo ni wimbo tu, akachukua gitaa lake akaondoka. Wivu ukanikaba. Nilimfuata mpaka dansini Embu, nikakaa na soda moja nikikagua vichwa vya wanawake. Mmoja wa mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu, alikuwa na skafu ya rangi ya machungwa, nikamchukia hata yeye.

Mwezi uliopita, nikifagia pikapu, nikakikuta chini ya kiti. Cha manjano, kimekunjwa vizuri. Sikumwambia kitu.

Juzi nilimsomea Kithaka barua yako. Ndipo akasema yote. Unakumbuka Februari alimpeleka mama hospitali ya Embu. Mama alipanda nyuma, kama ilivyo heshima kwetu. Haketi bega kwa bega na mume wa bintiye. Mvua ikamnyeshea, na Kithaka akamsihi mpaka akaingia mbele, kwa sharti kwamba mtu asijue, hasa mimi. Kitambaa chake cheupe cha kanisa kililowa, basi huko Embu akanunua cha manjano. Wakati wa kurudi akawa anacheka na kusema ongeza, na karibu na nyumbani akakikunja akakiacha chini ya kiti, nisikione. Mama huyu huyu aliyetukataza kukimbia!

Wivu haujaisha, umehama tu. Namwonea Kithaka kwa kicheko ambacho mimi sikukisikia. Nakuonea na wewe. Nilimuuguza mama miezi mitatu, nikaachiwa sufuria, wewe ukawekewa kitambaa.

Sasa kitambaa, dada. Siku ile ile nilipokikuta nilikitia motoni, nikasimama hapo mpaka kikawa majivu, na nilifurahi. Kabla ya hapo nilikinusa, nimjue huyo mwanamke. Kilinuka dawa ya kifua, ile niliyokuwa nikimpaka mama kwa mikono yangu. Nikajiambia, kumbe hata manukato hana.

Nisamehe ukiweza. Msalimie shemeji. Watoto waache wacheze, na uwaambie huyo anayecheka ni nyanya yao.

Mimi mdogo wako,
Kiende