Nilimhamishia Mjomba Juani ili Uwanja Uonekane Umejaa

Mpendwa Mshauri,

Kabla sijaomba chochote naomba nikushukuru, kwa sababu safu yako ndiyo ninayoisoma kila Alhamisi nikingoja geti la kazini lifunguliwe, na mara mbili imenizuia kufanya upumbavu ambao sitausema hapa. Safari hii upumbavu nimeshaufanya, ndiyo maana naandika, na unisamehe nikirefusha, maana nisipolieleza lote utaliona jambo dogo, na mimi limeninyima raha tangu mwanzo wa msimu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nina mume na watoto wawili, na kazi yangu ni msimamizi mkuu wa watazamaji katika uwanja wa timu moja ya ligi kuu, timu ambayo kila mtu atakwambia anaipenda na hakuna anayekumbuka lini mara ya mwisho alikwenda kuitazama. Uwanja unachukua watu elfu ishirini, na nilipoanza kazi hii, siku nzuri walikuwa wanakuja mia tisa. Si kwamba mashabiki hatuna, tunao tele, wako kwa vinyozi, wako maofisini, Jumatatu wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka, ila ukiuliza nani alikuwepo uwanjani, kila mtu anakumbuka ana kazi ya kumalizia.

Misimu miwili iliyopita mechi zetu zikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni, na meneja wa uwanja akaniita ofisini, akanionyesha mechi yetu kwenye simu yake, nikaona wachezaji wanakimbia na nyuma yao viti vitupu safu kwa safu kama shule wakati wa likizo. Akasema wadhamini wameona aibu. Sasa uelewe, Mshauri, kamera zinafungwa kwenye jukwaa kuu, lile lenye paa, kwa hiyo zinatazama jukwaa la ng'ambo lisilo na paa, ambalo kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja jua linalipiga usoni, na watu wetu wote mia tisa, kwa akili zao timamu, walikuwa wanakaa kivulini chini ya kamera, hawaonekani. Meneja akanitazama, akaniambia, "Dada, mtu akikaa kivulini ni kama hajaja. Wahamishe."

Nikawahamisha. Na nisikudanganye kwamba nilifanya shingo upande, hapana, nilifanya kwa ustadi wangu wote, nikafunga milango ya jukwaa kuu, nikazungusha kamba, nikawabananisha watu katikati ya jukwaa la jua kwa sababu nilishaona kamera haiendi sana kwenye kona, nikawaambia wasiachie nafasi hata ya mkoba, na kweli kwenye televisheni uwanja ukaonekana umefurika, mpaka mume wangu aliyekuwa nyumbani akanipongeza, akasema leo mmejaza. Meneja alinipa cheti mbele ya wenzangu, nami namshukuru kwa hilo mpaka leo, na wenzangu wakanipa jina la Mpanga Watu, nikalipenda. Nakushukuru kwa uvumilivu wako, sasa nafika kwenye kidonda chenyewe.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa makochi, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa, mama alipougua na baba hayupo. Alinipa chumba alichokuwa anawekea sponji na vitambaa vyake, sponji akazihamishia barazani zikawa zinalowa kila mvua ikinyesha, na sijawahi kumsikia hata siku moja akikitaja chumba kile kama kitu alichonipa. Jumamosi alikuwa ananichukua uwanjani, enzi hizo uwanja unajaa kweli, ananibeba mabegani ili nione, na ndiye aliyenifundisha kukadiria umati kwa macho, hesabu safu moja kisha hesabu safu ziko ngapi. Siku ya usaili wa kazi hii nilionyeshwa picha ya jukwaa nikaulizwa kuna watu wangapi, nikajibu kabla aliyeuliza hajaweka kalamu chini, na kazi nikaipata hapo hapo. Kwa hiyo hata uligeuze vipi, kazi hii ni ya mjomba.

Ana miaka sitini na minane, na mpaka msimu huu hakuwahi kukosa mechi ya nyumbani kwa hiari yake tangu ujana. Alikuwa anakaa kiti kilekile kivulini, karibu na mlango wa wachezaji, juu ya mto alioushona mwenyewe, na wote wanamwita Mzee Kipenga, kwa sababu anapiga mluzi wa vidole unaofanana na kipenga cha mwamuzi, kiasi kwamba mwaka mmoja mshambuliaji wetu alisimama akidhani ameotea, na goli lilikuwa wazi mbele yake. Mjomba alifungiwa mechi mbili, ndizo pekee alizokosa, na adhabu hiyo anaisimulia kwa fahari kuliko harusi yake.

Nilipoanza kuhamisha watu nilikuwa namruka, nikifika kwake natazama pembeni kana kwamba kiti kile hakina mtu. Mechi ya kwanza ya msimu huu shabiki mmoja akauliza kwa sauti, yule mbona haondoki, au jua nalo lina ndugu zake, watu wakacheka, nikaona aibu. Nikamwendea mjomba mbele yao wote, na Mshauri, sikumwita mjomba. Nilimwita mzee, kama mtu nisiyemjua. Nikamwambia, "Mzee, utaratibu ni mmoja kwa wote, naomba uhamie upande wa pili."

Alinitazama kidogo, akachukua mto wake, akasema, "Haya mwanangu. Kazi ni kazi."

Akazunguka uwanja mzima kwa miguu, maana njia ya mkato inayopita chini ya majukwaa nilikuwa nimeifunga mimi mwenyewe, akakaa juani mpaka dakika ya mwisho, na kipindi cha pili nilimwona amejiwekea ule mto kichwani. Tangu siku hiyo hajaja tena. Yeye amemwambia mkewe magoti yanamsumbua, watoto wangu amewaambia mpira wa siku hizi umechacha, na mimi hajaniambia kitu, nikienda kumwona ananimiminia chai, ananiuliza, "Mmejaza?" nami namjibu tumejaza, naye anasema vizuri, vizuri.

Sasa mechi ya mwisho ya msimu klabu inataka kumtunuku shabiki aliyehudhuria kwa miaka hamsini, na kila aliyeulizwa amemtaja Mzee Kipenga. Meneja anataka akalishwe katikati ya jukwaa la jua, avishwe jezi mpya, kamera imkazie ili watu wa majumbani waone, wavutike, msimu ujao waje. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumshawishi, na hapo ndipo nimekwama, maana najua nikimwomba atakuja, mjomba hajawahi kuninyima kitu, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kufungua mdomo. Nikimkatalia meneja ataniona nimeshindwa kazi, nikinyamaza nitakuwa nimemnyima mjomba heshima yake, na nikimleta nitakuwa nimemrudisha juani kwa mikono yangu mara ya pili.

Na kuna jambo lingine ambalo hata mume wangu hajui. Wale mia tisa hawapo tena. Jumapili iliyopita nilihesabu, wakawa mia nne na kumi na wawili. Nawabana zaidi tu, na kwenye televisheni tunaonekana vilevile.

Je, mjomba amenikasirikia? Na nifanye nini? Nakushukuru sana hata kwa kusoma tu.

Ni mimi,
Mpanga Watu

MSHAURI ANAJIBU

Asante kwa barua yako, na asante zaidi kwa kutojipamba. Wengi wanaoniandikia huja wameshaoga na kujipaka mafuta, wote wameonewa, hakuna aliyekosea. Wewe umekuja na tope miguuni. Karibu, kaa, sasa nikuseme.

Kumhamisha kiti si kosa kubwa kama unavyofikiri. Ungemwendea ukamwambia mjomba, nisaidie, wananisema kwa ajili yako, angenyanyuka kabla hujamaliza. Kosa ni ule uzee uliomvisha ghafla mbele ya watu. Mtu aliyeacha sponji zake zilowe mvua ili wewe ulale pakavu, ukamfanya mpita njia kwa sababu kundi la watu limecheka. Wahenga waliposema fadhila za punda ni mateke, hawakumaanisha tumwige punda.

Sasa habari ya uwanja wenu, maana nanyi mnatafuta mchawi na mchawi mnalala naye. Mimi nilikuwa mtazamaji wa kila wiki, nilikuwa nakwenda na dada yangu. Mechi ya Jumamosi tulikuwa tunasikia redioni asubuhi yake kwamba imesogezwa mpaka Jumatano saa nane, kana kwamba mji mzima hauna ajira. Tukifika, kati ya mageti manane, yaliyofunguliwa ni mawili, tunaingia dakika ya thelathini goli limeshapita. Choo cha wanawake hakikuwa na mlango, kwa hiyo mlango nilikuwa mimi, na zamu yangu ikifika anakuwa dada. Mechi ikiisha, wachezaji tuliopaza sauti kwa ajili yao wanaingia kwenye basi na kuvuta mapazia. Yote hayo tuliyavumilia na wiki iliyofuata tukarudi, kwa sababu tulikuwa na mahali petu pa kukaa na watu wetu wa kukaa nao. Mwisho akaja binti mwenye kizibao cha njano akatuhamishia juani, na mpaka leo hatujarudi. Hakuwa wewe, usishtuke, ulikuwa uwanja mwingine.

Mtu akiambiwa aungue jua ili aliyebaki nyumbani apate cha kutazama, mechi ya pili naye atabaki nyumbani. Haihitaji mtaalamu. Mlikuwa na watu mia tisa, mkaona aibu kwamba hawakuwa elfu ishirini, mkawafukuza nusu yao ili mbaki mnapendeza kwenye kioo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyinyi mmeyaficha vizuri mpaka mkapewa cheti.

Wale mia nne na kumi na wawili waliobaki si aibu ya mtu yeyote. Wamepigwa jua, wamefungiwa milango, wamebananishwa kama ndizi sokoni, na Jumapili wamekuja tena. Mimi ningesimama getini nimpe mkono mmoja mmoja.

Unaniuliza kama mjomba amekukasirikia. Rudia kusoma ulichoandika. Angekasirika ungejua, mtu aliyesimamisha mshambuliaji kwa vidole viwili hashindwi kupaza sauti. Yeye aliona uso wako siku ile. Aliona kwamba mechi inayofuata itakubidi umwondoe tena, au umwache ukachekwe, naye hakutaka uchague. Akajitoa mwenyewe, akasingizia magoti kwa mkewe na kuchacha kwa mpira kwa wanao, na wewe anakumiminia chai na kukuuliza kama mmejaza, kwa sababu anataka kusikia kwamba ulichomfanyia kilikuwa na faida. Mama, umepewa chumba cha pili, na hiki nacho mwenyewe hakitaji.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza nenda kwake kabla hujakwenda kwa meneja. Nenda peke yako, usibebe sukari wala watoto wa kujifichia. Mwambie ile idadi, mia nne na kumi na wawili, maana katika mji wote huo ni yeye tu atakayejua ina uzito gani, na wewe umechoka kuibeba. Kisha mweleze habari ya tuzo yote kama ilivyo, na jua lake na jezi yake na kamera yake, halafu unyamaze, aamue mwenyewe kama anakuja na anakaa wapi. Umeshampangia vya kutosha.

Akikubali kukaa juani, kaa naye hapo; akisema anakuja lakini kivulini, hapo ndipo unakwenda kwa meneja, tena kwa maandishi, ukiwa umeweka idadi zote mbili, ya kwanza na ya sasa, na sahihi yako chini. Mwambie milango ya jukwaa kuu ifunguliwe. Akisema kamera hazitawaona, mwambie kamera zina magurudumu na watu wana umri, akae chini na wenye televisheni waone kipi ni rahisi kuhamisha. Siwezi kukuahidi kwamba hatakufukuza. Ila meneja anayepamba kioo kwa watu mia nne leo, mwakani atakuwa anakipamba kwa hamsini, na watu hamsini hawahitaji msimamizi mkuu. Bora useme sasa ungali na watu wa kuwasemea.

Na mjomba akisema haji, usimbembeleze. Heshima isiyotakiwa ni mzigo. Omba ruhusa siku hiyo ukae naye.

Nimalizie na jambo moja lililonigusa. Katika barua yako umenishukuru mimi mara tatu, na hujawahi kuniona. Meneja umemshukuru kwa karatasi. Mjomba umemsifia ukurasa mzima, lakini nimetafuta mahali ulipoandika kwamba uliwahi kumwambia yeye mwenyewe asante, sijapaona. Kwa hiyo ukifika usianze na samahani, maana atakukatiza, atasema yameisha, atakuletea chai na nafasi itakupita. Anza na asante. Mtajie ni ya nini, moja baada ya nyingine, hata akitazama pembeni wewe endelea mpaka umalize. Imekaa miaka thelathini na miwili, na yeye ana sitini na minane. Usingoje mechi ya mwisho, nenda leo.