Mikono Inakwama

Jumapili, 9 Machi

Kosa ni langu. Jana nilibonyeza "Sasisha" bila kusoma. Mimi! Ninayelipwa kusoma kila nukta na kila mkato! Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikarudi na uso mwingine — herufi nene kama za kitabu cha chekechea, kila dirisha likifunguka kwa kujivuta. Nikasema ah, itatulia yenyewe.

Haikutulia. Leo saa nne nimempigia Baba kwa video, kama kila Jumapili. Shangazi kaegemeza simu yake kwenye birika, Baba kakaa mbele yake, kachana nywele. Akaanza kuongea. Mikono ikaruka. Mkono kifuani — picha ikakwama — mkono hewani — ikakwama — mkono magotini. Katikati hakuna kitu. Mtu wa mdomo sauti yake ikikatika, unabahatisha neno lililopotea. Kwetu neno lenyewe ndio huo mwendo.

Baba ni kiziwi tangu utoto. Fundi viatu, hakupelekwa shule, hasomi wala haandiki. Ishara anazotumia hazifundishwi popote. Alizitunga yeye na Mama, nami nikazaliwa nikazikuta. Mama alikufa mwaka juzi. Tumebaki wawili duniani tunaoijua lugha hii. Shangazi anajua "kula", "lala" na "choo". Mengine yote anampigia kelele, kana kwamba kelele zitafika.

Habari yenyewe nimeipata kwa Shangazi, kwa mdomo. Ni macho. Jicho la kulia la Baba lilishakufa zamani. La kushoto lina mtoto wa jicho, litafanyiwa upasuaji Alhamisi ya tarehe 20. Litafungwa bandeji siku moja, labda mbili. Siku hizo Baba hataona — na hatasikia pia, maana yeye husikia kwa jicho hilo.

Mwishoni Baba akanipa neno moja. Kiganja kikitoka mbele kuja kifuani, kwetu ni "njoo". Kikitoka kifuani kwenda mbele, ni "kaa huko huko". Niliona kiganja kifuani. Niliona kiganja mbele. Kipi kilitangulia? Nikamwomba arudie. Karudia, ikakwama palepale. Shangazi akadakia: anasema usijisumbue, mimi nipo.

Nimelichukua hilo la Shangazi. Ni jepesi.

Jumatatu, 10 Machi

Kazini nimemfuata fundi wa kompyuta. Tunamwita Zima-Washa, kwa sababu ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa. Anakaribia kustaafu. Ana miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kutafutia ile ya kusomea.

Kaniuliza kama nimezima nikawasha. Nikasema nilishafanya. Basi akaketi, akanieleza vizuri. Kadi ya picha ina draiva yake, kiprogramu kinachojua kuiamrisha. Sasisho limebadilisha kiini cha mfumo, draiva imebaki nje ya mlango. Sasa kompyuta inachora kila kitu kwa akili yake yenyewe, picha nne kwa sekunde, inahema. Halafu kuna seva ya skrini — mtu wa kati, anayepokea michoro kwa programu na kuipeleka kwenye kioo. Ziko mbili, ya zamani na mpya, mtu anachagua anapoingia. Kaniandikia hatua zote nyuma ya prufu ninayoisahihisha, ya kitabu cha hesabu cha darasa la tano.

Mtu wa kati! Nimecheka peke yangu korido nzima. Kazi yangu hiyo, tangu nina miaka mitano. Dukani, zahanati, kwa mwenye nyumba. Baba anasema hivi. Wao wanasema vile.

Nimepita kwa mhariri mkuu kumweleza habari ya Baba. Hata sikumaliza. Kasema vitabu vitangoja, chukua wiki nzima. Nimeshukuru sana. Fomu ya likizo iko kwenye mkoba, sijaijaza.

Jumanne, 11 Machi

Nimeondoa draiva. Nimeipakia upya. Ikaniomba nitunge neno la siri, nikatunga, sijui la nini. Kuwasha — ukurasa wa bluu, Kiingereza kigumu, tarakimu zinashuka: kumi, tisa, nane… Nikaogopa kugusa kitu. Ukapita wenyewe. Kisha giza, na kistari kimoja kinapepesa pembeni juu.

Jumatano, 12 Machi

Giza.

Alhamisi, 13 Machi

Zima-Washa kanielekeza nichague kiini cha zamani kwenye orodha wakati wa kuwasha. Nimechagua. Herufi nene zimerudi — na mimi nazifurahia, kama wageni! Nimesoma kumbukumbu za mfumo, mistari elfu mbili na ushee. "Imeshindwa kupakia draiva", mara arobaini na moja. Nimeona pia makosa saba ya tahajia. Nimeyazungushia kwa kalamu nyekundu kwenye daftari. Nani atayasahihisha, sijui, lakini nimejisikia vizuri kidogo.

Ijumaa, 14 Machi

Simu yangu ni ya vitufe tangu ile ya kupangusa ilipoporwa. Leo nimemeza aibu, nimemwomba jirani wa chumba cha pili, yule mshonaji, aniazime yake. Kapiga, Baba katokea, picha inateleza vizuri kabisa. Na mimi mkono mmoja umeshika simu! Nikawa naongea nusu-nusu, kigugumizi cha mkono. Jirani akaniokoa, akanishikia. Mtu mwema. Ila alikuwa anacheka kwa mshangao, anasema jamani mbona kama mnacheza.

Baba akasikia — namaanisha aliona. Aliona simu inatetemeka, akajua kuna mtu. Akafunga moyo. Akaniambia mvua imenyesha, ngozi imepanda bei, kiatu cha mwalimu kimekamilika. Habari za jicho hakugusa. Nilipomuuliza, akaelekeza kidole nyuma ya simu: huyo nani?

Nilimrudishia jirani simu yake. Kanikaribisha chai. Nimesema nina kazi. Sikuwa na kazi.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimefanya jambo baya.

Asubuhi nilipakia draiva tena. Bluu ile ikaja, ikapita. Nikaingia kwa seva ya zamani, nikabadilisha na vitu fulani kwenye kivinjari nilivyosoma kwenye jukwaa moja la mtandaoni. Skrini ikawa nyepesi! Saa nne nikapiga. Uso wangu mwenyewe naona, pembeni, safi. Kwa Baba — mraba mweusi. Sauti ya Shangazi inakuja: haya, anakuona, anakuona vizuri!

Ningemwambia. Mikono yangu ilikuwa mizima. Ningesema "sikuoni". Lakini Shangazi akasema angalia anavyofurahi, wiki nzima hajaongea hivi. Nikaogopa kumkata. Nikakodolea macho ule weusi kama ninayesikiliza. Anaongea, Shangazi anasema. Bado anaongea. Haya kanyamaza, anakungoja.

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Mara tatu alinyamaza, mara tatu nikaitikia. Nikatabasamu na kutabasamu. Halafu mtandao ukakatika, na mimi nikashukuru ulivyokatika.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempigia Shangazi kwa vitufe. Nimemuuliza Baba alisema nini jana. Kacheka hadi kakohoa. Mwenye lugha wewe, unaniuliza mimi?

Kweli.

Niandike, hakuna anayesoma. Kwenye msiba wa Mama nilikuwa mdomo wa Baba siku tatu. Watu wanakuja, wanatoa pole, naigeuza kwa mikono, nageuza na jibu lake. Pole mia mbili zimepita kwangu, hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nilikuwa njia tu. Siku ya nne alfajiri nikapanda basi. Nilipofika hapa, wiki nzima nilitembea mikono mfukoni. Nilijisikia mwepesi — aibu tupu, lakini ndivyo nilivyojisikia. Sijarudi tangu hapo. Nikajiambia Jumapili saa nne inatosha.

Kwa hiyo ninatengeneza nini hapa, jioni baada ya jioni? Mhariri kasema niende. Mabasi yapo. Nimekazana na draiva kama mtu aliyefungiwa ndani, na ufunguo uko mkobani.

Na nimemkumbuka Baba. Nimekumbuka hata ile harufu ya gundi.

Jumanne, 18 Machi

Fomu nimeijaza. Sijaipeleka. Kama alisema "kaa huko huko", nikaenda, si nitamkosea? Nikishaiona picha safi nitamuuliza upya, nitaamua. Kesho bado ipo.

Jumatano, 19 Machi

IMEWAKA!

Mchana Zima-Washa kaniuliza, kama mtu anayeuliza saa: na ule ukurasa wa bluu ulijibu nini? Ukurasa gani, nikasema. Akavua miwani. Kumbe kompyuta haipokei draiva ngeni mpaka mwenyewe uikubalie, kwa neno la siri ulilotunga. Inakuuliza mara moja, inakupa sekunde kumi. Ukinyamaza, inahesabu umekataa. Wiki nzima imekuwa ikiniuliza na mimi nanyamaza. Nimesoma mistari elfu mbili, nikaruka ukurasa mmoja wenye swali.

Nimetoka kazini saa tisa, nikapakia draiva upya. Bluu ikaja. Nikabonyeza. Neno la siri. Kubali. Kioo kikazima, moyo nao ukazima kidogo — kikarudi. Herufi nyembamba! Picha sitini kwa sekunde, kwenye seva mpya! Nikafungua video ya samaki, wanaogelea bila kuruka hata mmoja. Nikapiga makofi. Nikageuka nimwambie mtu. Kiti, ndoo, mlango.

Nikakaa mbele ya kamera nikajijaribu mwenyewe. Njoo. Kaa huko huko. Njoo. Hata mgeni angeona tofauti.

Nikampigia Shangazi. Video haiwezekani, kasema, Baba kalazwa tangu asubuhi na wodini simu haziruhusiwi mpaka kesho saa ya kutazama wagonjwa. Nikamuuliza yukoje. Kavaa shati jipya, kasema. Kakaa kitandani uso kwa mlango, kila mtu akiingia yeye anainuka kidogo. Wanaume waoga hawa, daktari bado hata hajamgusa!

Nami nikasema ndiyo, ni woga.

Basi la saa mbili lilikuwa bado kuondoka. Linafika asubuhi. Nilijua. Nikabandika sufuria.

Alhamisi, 20 Machi

Saa kumi na dakika kadhaa. Naandika huku simu ya video iko wazi kwenye kompyuta, daftari mapajani.

Upasuaji umekwenda vizuri, Shangazi kaanza na hilo. Picha safi. Naona uzi uliochomoza kwenye kola ya shati jipya. Naona kucha zake, na ile gundi isiyotoka. Naona bandeji, nyeupe, imefunika jicho la kushoto lote. La kulia liko wazi na halina kazi.

Nikainua mikono nikamsalimia. Mazoea. Nikaishusha. Nikaita "Baba!" kwa mdomo — upuuzi gani huu.

Anajikuna goti. Hajui kuna simu, hajui kuna mimi. Shangazi akauliza atamwambiaje kwamba niko hapa. Nikafikiri. Nina baka kidevuni, na kwetu kugusa kidevu kwa kidole kimoja ndilo jina langu. Nikamwambia mguse hapo, taratibu, atajua.

Kamgusa.

Uso wote wa Baba ukainuka. Akaudaka ule mkono kwa mikono yake miwili, anacheka, anaupapasa — kiganja, kidole, kidole — akafika kwenye pete ya Shangazi. Akatulia hapo. Akauachia polepole, akauweka juu ya shuka.

Kisha akaongea. Ameelekea upande ambao hakuna mtu, kwenye ukuta, mikono haina haraka, kila neno zima. Yuko nje? Amechoka na safari? Mwambieni aingie. Jumapili nilimwambia njoo, akakubali. Nikamuuliza tena, akakubali. Nikamuuliza mara ya tatu. Kitanda chake nimekitandika mwenyewe.

Shangazi kainama kwenye simu. Anasema nini? Anataka maji?

Nikasema ndiyo. Mpe maji.

Kampa. Kanywa funda mbili, kwa heshima, kama mtu asiye na kiu aliyekaribishwa. Kairudisha glasi hewani mpaka Shangazi akaipokea. Kajifuta mdomo.

Mikono imeanza tena.