Wiki ya Matembezi Aliyoipanga Bibi

Mtaa wa Annette,
Wadi ya Saba,
New Orleans, Louisiana.
6 Septemba 2018

Mpendwa Dada Delphine,

Shikamoo dada. Habari za huko Spokane, na habari za shemeji Walter na wanao? Kile kifua cha mdogo kimepona? Sisi huku tunapumua, namshukuru Mungu. Remy anaota meno ya juu na hataki kushikwa na mtu ila mimi, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue yuko mapajani anavuta karatasi. Celestine ameanza chekechea, kila siku anarudi na kiatu kimoja kimefunguka. Isidore yuko baharini kwenye mitambo ya mafuta, atarudi wiki ijayo akijaliwa. Joto ni lile lile unalolijua, nguo hazikauki kambani, na redio kila asubuhi inataja kimbunga kilichoko mbali ambacho bado hakijaamua kiende wapi.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Nyumba hii unaikumbuka, chumba nyuma ya chumba, na kati yangu na Bibi ni mbao tupu. Nikipiga chafya ananiombea Mungu akiwa upande wake. Ninayotaka kukuambia sitaki ayasikie, na nikitoka nje kupiga simu atauliza nimekwenda kuongea na nani. Barua anadhani namwandikia Isidore.

Nianze na safari, maana ndiyo uliyoniulizia. Uliniomba nikupangie wiki nzima, wanao wauone mji wa kwao, kila siku pahala pake. Nilifurahi, dada. Nilitaka nikae siku moja Remy akiwa amelala nifikirie vizuri. Bibi hakunipa nafasi. Kazi hiyo ameichukua yeye.

Jumatatu iliyopita alikuwa anachambua maharage mekundu mezani, mimi nambembeleza mtoto, akaanza tu kunisomea wiki yako kama anasoma misa. Jumapili mtatoka na bendi, mfuate tarumbeta mtaa kwa mtaa mpaka miguu igome. Akasema mtoto wako asiyecheza nyuma ya tarumbeta tumpime damu, labda mlibadilishiwa hospitali. Jumatatu mpande tramu mpaka kwenye mialoni mikubwa, mrudi mle maharage hapa nyumbani. Jumanne mji wa kale, zile roshani za chuma, kanisa kuu, maandazi ya sukari ya unga, kisha kivuko mpaka ng'ambo ya mto na kurudi, ili watoto waone mji ulivyokaa chini kuliko maji ya mto wake. Jumatano makaburini, kusafisha na kupanga maua. Alhamisi ni Watakatifu Wote, tutakuwa huko huko kutwa nzima na watu wote wa Wadi ya Saba.

Hapo akarudi kwenye maharage yake.

"Na Ijumaa, Bibi?"

"Ijumaa usiwapangie kitu."

"Jumamosi?"

"Jumamosi mtakuwa na watu."

"Watu gani?"

"Watu, Noelie! Watu wanaokula. Mwombe jirani ile sufuria yake kubwa mapema kabla hajaikopesha." Akapuliza maganda kutoka kiganjani. "Na umwambie Delphine asijaze sanduku fulana za rangi rangi tu. Abebe gauni jeusi, na viatu anavyoweza kutembelea mwendo mrefu."

Nikamwambia mtu haendi likizo na gauni jeusi. Akasema, "Atakuja nalo. Hapa ni kwao, yeye si mtalii."

Dada, nilicheka. Nilicheka kweli, ukimjua Bibi utacheka tu. Kisha nikaenda kumwogesha Remy, na nikiwa nimeinamia beseni ndipo nikaanza kuhesabu siku.

Tulimlaza Babu Alcide tarehe thelathini Oktoba mwaka jana. Sheria yetu unaijua, kaburi la ukoo likishafungwa kwa tofali halifunguliwi tena mpaka upite mwaka na siku moja, ndipo mifupa inasogezwa nyuma na mwingine anapata pa kulala. Sasa shika kalenda yako. Mwaka na siku moja wa Babu unatimia Jumatano ya wiki yako. Nami naomba ukumbuke jambo moja. Wewe ulitaka kuja Julai, shule zimefungwa. Ni nani aliyekuambia Julai ni joto, watoto watazimia, subiri mwisho wa Oktoba?

Baada ya hapo kila nililokuwa nikiliona nimeliona upya. Mwezi wa nane, jua linaunguza, alichukua ndoo ya chokaa akaenda kulipaka kaburi la Babu peke yake. Watu hupaka mwishoni mwa Oktoba, kila mtu anajua, chokaa ya Agosti mvua inaiosha. Nilipomuuliza akasema alitaka kujua kama mkono bado unafika juu. Wiki mbili hizi halali tena kitandani, analala amekaa kwenye kiti, vifundo vya miguu vimejaa kama unga uliochachuka. Amempa Celestine rozari yake ya fedha, akamwambia achezee tu.

Jana nikapita kwa Bwana Hippolyte, mlinzi wa makaburi. Nilijifanya nimekwenda kuulizia maua. Mzee wa watu akaniambia bila kujua anasema nini, "Bibi yako ana akili, ameshaulizia kama fundi wa kubomoa tofali atakuwa kazini Ijumaa ile. Nikamwambia fundi hana kazi, hakuna aliyekufa. Akasema, we mwambie tu asiende kuvua samaki."

Ninarudi nyuma kidogo ili uelewe ubaya wenyewe, maana sikukuambia yote kwenye simu na Bibi alinikataza. Vali ya moyo wake imechoka. Inafungua nusu. Daktari Pham alituambia mwezi wa saba kwamba inabadilishwa, siku hizi ni kazi ya kawaida, hata wazee wa umri wake wanaamka na kuomba chai. Akatupa siku ya mwezi wa nane. Bibi akakataa, akasema ana wageni, mjukuu wake anakuja kutembea, hawezi kupasuliwa wakati nyumba inatandikwa. Daktari akasema wageni wanakuja Oktoba, mama. Bibi akasema, "Ndiyo, kwa hiyo mpaka Novemba." Daktari akanivuta pembeni akaniambia yeye hawezi kuniahidi Novemba.

Kwa hiyo wewe, dada yangu, bila kujua, ndiwe uliyekuwa sababu yake. Kila akiulizwa anasema Delphine anakuja.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilimweka Remy sakafuni akilia, nikasimama mlangoni kwa Bibi.

"Bibi, unamngoja Delphine au unamngoja Babu?"

"Usinipigie kelele, nina moyo mbovu."

"Ndiyo huo tunataka utengenezwe!"

"Utatengenezwa. Novemba."

"Daktari hajui kama Novemba utakuwepo."

"Daktari ni mtoto. Nisikilize na wewe, uliyezaa wawili ukajiona mkubwa. Wakinilaza pale mezani nisiamke, mtanipeleka wapi? Kwa babu yako pamefungwa. Mtanisukuma kwenye lile kaburi la kukodi, nilale juu ya mtu nisiyemjua, pengine hata kupika hajui."

"Ni kwa muda tu, Bibi. Baadaye tunakuhamisha."

"Mama yangu naye aliambiwa ni kwa muda. Wakaja kumtafuta, hawakujua yupi ni yupi."

Hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu.

"Na ukifa Novemba?" nikamuuliza.

"Novemba nina pa kwenda." Akasema hivyo kwa upole, dada, kama mtu anayesema amepata kiti kwenye basi. Kisha, "Mshike mtoto, atakauka koo."

Nimewaza tangu siku ile, nikikanda unga kazini, nikifua, nikinyonyesha. Bibi haogopi kufa. Anaogopa kulala na watu wasio wake. Na kwa sababu ya woga huo atakufa mapema, ukumbini kwetu, mbele ya wanao, katika wiki waliyokuja kuona mialoni. Wala sidhani atangoja mpaka ile Ijumaa ya mazishi aliyojipangia. Mwili haujui kalenda. Anaweza kwenda wiki ijayo, na hapo atapata kile kile anachokikimbia.

Nilimpigia Daktari Pham nikamwomba nafasi. Amenipa Jumanne tarehe ishirini na tano Septemba. Bibi hajui. Nimekubali kwa niaba yake, na kama ni kosa nitalibeba, ila siku hiyo siiachi.

Sasa nakuja kwenye lililonishikisha kalamu, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Mjomba Numa, baba yako, kifungua mimba wa Bibi, hakulazwa kwetu. Alilazwa kwa akina Barjon, watu wa mama yako. Sikuwepo kwenye mabishano yale, nilikuwa mtoto, lakini nimekua nikiyasikia. Bibi alisema wamemchukulia mwanawe mara mbili, harusini na kaburini, akaapa hatabisha hodi kwenye kaburi lile. Hata ulipomleta mama yako kuzikwa, miaka mitano iliyopita, ulimwona Bibi alisimama nje ya geti na mwavuli wake mpaka tukamaliza. Wewe ulikasirika siku ile. Ulikuwa na haki.

Lakini kaburi la Barjon halijafunguliwa tangu siku hiyo. Mwaka umeshapita mara nyingi. Ndani pana nafasi. Na akina Barjon wameisha wote, mwenye kauli juu ya mlango ule umebaki wewe peke yako. Mimi siwezi kumwambia Bibi, atasema nimekwenda kumwombea makazi. Bwana Hippolyte hawezi. Bibi mwenyewe hataomba hata roho ikifika kooni. Kwa watu wetu hujipeleki kwenye kaburi la wakwe, unakaribishwa na mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na kwa heshima yote niliyo nayo kwako sikuombi nusu nusu.

La kwanza, wiki ile ya Watakatifu Wote ifute. Najua tiketi zimenunuliwa, najua shemeji Walter amejiombea ruhusa kazini na watoto wanaota tramu. Zibadilishe, zipotee, vyovyote. Mwambie Bibi huji Oktoba. Ukiweza njoo ile wiki ya tarehe ishirini na tano, ingawa nakwambia ukweli matembezi yenyewe yatakuwa ukumbi wa hospitali na mashine ya kahawa. Ukishindwa, njoo wakati mwingine, bendi hazikosekani.

La pili ndilo zito. Mpigie simu. Najua una kidonda chako kwa Bibi, sikulazimishi ukifunike. Lakini usimpigie kwa huruma, atanusa huruma hata akiwa amelala. Mpigie asubuhi akiwa amekunywa kahawa yake, pumzi inapokuwa bado ipo. Usimuulize afya. Usimtaje daktari wala mimi. Jitambulishe kama Barjon, uongee kama mwenye nyumba. Mwambie, "Bibi, kwa Baba pana nafasi pembeni yake. Mimi ndiye mwenye mlango, na ninakukaribisha, siku yoyote." Kisha nyamaza, umwache alie. Usikate simu.

Akishalia ataniita. Nitamwambia habari ya tarehe ishirini na tano.

Dada, sijui kama nakuomba umsaidie Bibi aishi au umsaidie afe kwa amani. Nimegeuza kichwani, sijapata jibu. Najua tu kwamba akiwa na pa kwenda siku yoyote, hatakuwa na sababu ya kuikataa hii. Akiamka, nafasi ya baba yako itabaki tupu na hakuna aliyepoteza kitu. Asipoamka, atakuwa na mwanawe.

Kama utakataa, niambie upesi, nijue najipangaje. Sitakulaumu.

Celestine anawasalimu binamu zake. Mama yangu, Shangazi yako Ursule, anawasalimu kutoka Houston. Naye hajui haya yote, nitamwambia nikishapata neno lako. Isidore angekuwa hapa angemsalimu shemeji Walter. Bibi naye anakusalimu sana, ameniambia hivyo asubuhi hii akiwa kwenye kiti chake, amefumba macho.

Mungu awafunike huko mliko, watoto wakue, na nyumba yenu isipungukiwe mtu. Nimechoka mpaka mifupa, lakini moyo wangu uko nawe kila siku.

Mdogo wako akupendaye bila kupungua,

Noelie